Gari la Kasagha na Mvua ya Rashti

Watu wa Rashti hawaulizani kama mvua itanyesha. Huulizana kama ile ya jana imekwisha. Kwa unyevu wa mji ule chumvi haimwagwi, hunyonywa, na yupo bibi mmoja nyuma ya soko aliyeanika shuka akiwa bibi harusi, ikakauka ana wajukuu. Humo ndimo Kasagha alimoishi na gari lake kuukuu la mgongo wa kobe, lile lenye injini matakoni na sanduku la mizigo puani.

Kasagha aliuza bata na vitunguu saumu. Alikuwa na macho ya kijani na miguu isiyojua kutulia. Chai aliinywa amesimama, habari za jirani alizisikia nusu, hata ndoto zake, alisema marehemu mkewe, alizikatiza katikati ili awahi kuamka. Lakini wiki hiyo kutotulia kwake kulikuwa na sababu.

Mwanawe, Iraj, alimtaka Farzane, binti wa Haji Yadola wa Kazvini, ng'ambo ya milima kwenye nchi kavu. Ijumaa iliyopita wazee wa binti walikaa kuwangoja waje kuposa. Chai ikachemka, ikapoa, ikachemshwa tena. Huku Rashti gari lilikuwa limezimika mbele ya mlango, mvuani, na halikufufuka mpaka jioni. Kasagha akapiga simu kuomba radhi.

"Gari linaloogopa mvua," Haji Yadola alijibu. "Ndugu yangu, mimi nimezeeka juu ya lori. Gari huogopa mlima, huogopa dereva mlevi. Mvua? Kama binti yangu hamumtaki, semeni. Kama mnamtaka, njooni Ijumaa hii, na hilohilo gari, nilione. Mkija na la kuazima, chai yangu msiinywe."

Kasagha akalipeleka gari kwa fundi Garnik, Mwarmenia mwenye masharubu ya kufagilia uwanja.

"Siku kavu linaimba," Kasagha alisema, akizunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Siku ya manyunyu linakohoa na kukatakata. Siku ile ya safari ndiyo likazima kabisa."

"Simama basi, bwana. Nikuchunguze wewe au gari?"

Garnik alifunga milango ya gereji mchana kweupe, akaziba nyufa kwa magunia mpaka ndani kukawa giza la chunguni. Akawasha injini, akafunua kifuniko cha nyuma, akachukua chupa ambayo mkewe hunyunyizia nguo kabla ya pasi, akanyunyiza waya za plagi. Mara cheche za buluu zikaanza kutambaa juu ya waya, zikiruka huku na huku, na injini ikakohoa kama mzee aliyepaliwa na tumbaku.

"Umeona?" Garnik alisema. "Waya zimezeeka, ngozi imepasuka. Umeme wa kwenda kwenye plagi unashukia njiani. Kukiwa kukavu unavumilia. Unyevu ukiingia, kila cheche na njia yake."

Alibadilisha waya zote, akasugua kifuniko cha distribyuta, kile kibakuli cheusi kinachogawa umeme. Alhamisi ikanyesha mvua ya kubeba paka. Kasagha alizunguka na gari mji mzima, wala halikukohoa hata mara moja. Alirudi amelowa, kwa sababu kila taa nyekundu alishuka kulisikiliza.

Ijumaa ikatoka na jua. Iraj alivaa suti, maboksi ya mikate ya kuluche yakawekwa sanduku la mbele, baba na mwana wakapanda. Mlangoni alisimama Bibi Tuti, mama yake Kasagha, na bakuli la maji lenye jani la mchungwa, kama anavyofanya kila mtu wa huko: msafiri humwagiwa maji nyuma yake ili arudi salama.

"Nendeni na Mungu," akasema, akamwaga.

Gari lilifika kwa muuza mikate wa jirani, likakohoa, likafa.

Kasagha alitoka, akaingia, akatoka. "Hakuna wingu. Mama, kuna wingu?"

"Hakuna."

"Basi limekufa kwa nini?"

"Kwa uzee. Nilikwambia tufugie bata humo."

Iraj alikimbia kumwita Garnik, naye akaja na tonge la mkate na jibini shavuni. Akafunua kifuniko cha nyuma, akaacha kutafuna. Akaingiza vidole viwili, akatoa juu ya distribyuta jani bichi la mchungwa, limelowa.

"Bwana Kasagha, tangu lini injini yako inaota miti?"

Wote wakamgeukia Bibi Tuti.

"Bibi," Garnik akasema polepole, "na Ijumaa ile ya mvua ulimwaga?"

"Nilimwaga mabakuli mawili. Mvua ilikuwa kubwa, nikaogopa maji yangu yasionekane."

Garnik akamwonyesha Kasagha matundu yaliyo juu ya kifuniko cha nyuma, ambako injini hupumulia. Unyevu ulikuwa ukiikohoza kweli, kwa zile waya mbovu. Lakini lililokuwa likiizima siku za safari ni bakuli, likimiminwa moja kwa moja matunduni, na mvua ikasingiziwa.

Walisukuma gari mpaka mlangoni. Kifuniko cha distribyuta kikawekwa juu ya samovari, lile deli la kuchemshia maji, kikauke, ubavuni mwa birika la chai, na Kasagha akakigeuza kama andazi. Kilipokauka na kufungwa mahali pake, Bibi Tuti alikuwa amejaza bakuli tena.

"Mama, tafadhali. Umeshamwaga."

"Safari iliyorudi mlangoni ni safari mpya."

"Mwagia barabara basi, usilimwagie gari."

"Mikono yangu inatetemeka, itakapoelekea ndipo hapo. Na bila maji hamwondoki. Siku moja tu sikummwagia baba yako. Alirudi, ndiyo. Alirudi na mke wa pili."

Kasagha akatazama jua, akatazama bakuli, akatazama milima. Kisha akaruka kwenye usukani, akaligeuza gari mpaka pua ikaelekea mlango wa nyumba.

"Tunaondoka kinyumenyume," akasema. "Mwaga."

"Nyuma yenu ni wapi sasa?"

"Nyuma yetu ni tunakotoka, bibi," Iraj akasema. "Si yalipo matako."

Bibi Tuti alifikiri. Akamwaga juu ya pua ya gari, juu ya sanduku la kuluche, na gari likarudi nyuma kichochoro kizima huku bata wakitawanyika na muuza mikate akishika mbavu.

Upepo wa Manjili, kule milimani, ambao husemekana humnyoa mtu ndevu bila sabuni, uliwapita. Adhuhuri wakawa Kazvini. Haji Yadola alilizunguka gari, akapiga tairi teke.

"Linakwenda vizuri. Sasa Ijumaa ile mlikuwa wapi?"

Kasagha akamweleza bakuli, jani, matundu. Haji akamsikiliza mpaka mwisho.

"Bakuli moja la maji liue injini. Hadithi hii mmeitungia mlimani, na haikuiva."

Wakanywa chai. Farzane aliileta mwenyewe. Iraj alitazama zulia. Kasagha alikaa, magoti yakimcheza, akajaribu tena kueleza, akakatizwa. Mwishowe Haji akasema, "Tutafikiri." Kila mzazi anajua hiyo ni hapana iliyovaa koti.

Waliingia garini. Kasagha akawasha injini, na kwenye kioo akaona mke wa Haji anatoka mbio. Yeye hakuwa na ugomvi na mtu, na mgeni hatoki nyumbani kwake bila heshima yake. Mkononi alikuwa na bakuli.

"Baba, ondoa gari," Iraj akanong'ona. "Upesi, anakuja na maji."

Kasagha, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kungoja hata chai ipoe, akaweka mguu kwenye breki. Mama yule alikuwa mnene, na ua wa nyumba ulikuwa mrefu.

"Baba."

"Nyamaza."

Maji yakamwagika. Kasagha akaachia breki. Gari likakohoa mara moja, likafia katikati ya lango.

Haji Yadola akaja, akikunja mikono ya shati. "Fungua huko nyuma." Akainama, akaingiza kichwa chote. Sauti yake ikatokea ndani ya injini.

"Mama Farzane, umemwaga kiasi gani?"

"Kidogo tu. Kama ninavyokumwagia wewe."

"Mimi injini yangu iko mbele."

Aliinua kichwa, masizi kwenye paji la uso, akamtazama Kasagha, kisha akaangalia lango lililozibwa na wageni wasioweza tena kuondoka.

"Leteni kitambaa kikavu," akasema. "Na wali uwekwe jikoni. Mkwe, njoo unishikie hizi waya."

Iraj akageuka kuangalia nani anaitwa.