Chura Alisema Ejo

Kabla ya chura niseme kwanza kuhusu riwaya, maana ndiyo iliyoniponza.

Kila Jumamosi mchana tunakutana kwenye chumba cha vitabu cha mtaa wetu hapa Rumonge, wanafunzi wachache ambao timu ya mpira imetukataa, na kila mmoja anasema alichosoma na alichokiona ndani yake. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mawese. Bidoni za mafuta zikahamishwa, vitabu vikaingia, harufu ikakataa kuhama. Ukifungua kitabu, hata kiwe cha safari za mwezini, kinanukia maharage yaliyoungwa.

Nilikuwa nimesoma riwaya nene ya Kiswahili. Mwanamume anazikwa katikati ya kitabu, watu wanalia vizuri kabisa, halafu ukurasa unaofuata ameamka, anapiga pasi shati, anaenda kuposa. Mkewe anamkumbuka kabla hajamjua. Sikuelewa kitu. Na kwa kuwa sikuelewa, nikajua ni kitabu kikubwa. Nikasimama mbele ya wenzangu nikasema mwandishi anatuonyesha kwamba maisha hayana mbele wala nyuma, sisi ndio tunayapanga foleni. Mwenzangu mmoja wa darasani, msichana anayenishinda kila mtihani, alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeguswa.

Madamu anayetunza chumba akaniomba kitabu. Akakifungua pale kwenye mazishi.

"Musiye," akasema, kama anayemwita bwana mkubwa, "baada ya mia na kumi inakujaga ngapi?"

"Mia na kumi na moja, madamu."

"Hapa imekuja sabini na tatu. Walibandika kurasa vibaya. Maisha iko na mbele na nyuma, ni gundi tu ndiyo haiko."

Walicheka mpaka mwenye duka la jirani akaja kuchungulia. Yule msichana ndiye aliyecheka zaidi, na nilimwelewa, maana alikuwa ameguswa bure.

Nikaisoma upya kwa kufuata namba. Maoni yangu: ikiwa imepangwa, ni mbaya. Mtu anaoa, anazeeka, anakufa, basi. Hayo hata jirani yetu anayafanya. Sasa sijui ile riwaya niliyoipenda niseme niliisoma au niliiota.

Adhabu yangu ikawa vitabu vya picha. Madamu alisema kwa kuwa najua sana mambo ya wakati, Jumamosi inayofuata niwasomee watoto wadogo wa mtaa, kwa Kiswahili, maana wengi wao nyumbani hawasikii lugha nyingine. Akanipa viwili. Cha kwanza kilikuwa cha simba anayekataa kupiga mswaki mpaka wanyama wote wanamkimbia kwa sababu ya harufu. Maoni yangu: mimi ningekuwa swala nisingengoja mdomo wa simba unuke ndipo nikimbie. Cha pili kilikuwa cha Kirundi, kifupi, kina kuku na bata kwenye jalada. Nikasema moyoni, hiki nitakimaliza nikitembea kwenda nyumbani.

Hapo lazima nieleze habari za bata wetu.

Tulikuwa na kuku jike aliyeatamia yai la bata. Yai lilitoka kwa shangazi wa Kizuka, kuku hakuulizwa. Akatoka bata, na kuku akampenda hivyohivyo, na mdomo wake bapa. Shida ilikuwa ziwa. Nyumba yetu iko karibu na maji, na yule bata alipopata nguvu kidogo tu akaingia majini. Kuku alibaki mchangani akikimbia huku na huku, akilia, mpaka wauza ndagala wakawa wanaacha kupanga samaki wao wamtazame. Akazoea. Kila jioni bata aliogelea, kuku alisimama kwenye mchanga akimngoja, halafu wakarudi pamoja. Mdogo wangu wa kike, mwenye akili za kizee ingawa meno ya mbele hayajaota, alikuwa anakwenda nao kama mwenye mali.

Kisha akaja mjomba kutoka Kabezi bila taarifa, na nyumbani hapakuwa na kitoweo cha kumstahi mgeni. Najua mnajua. Mdogo wangu alikuwa shule. Aliporudi alikula nasi, akaomba mchuzi tena, ndipo akauliza bata yuko wapi. Mama akatazama sufuria. Mimi nikatazama mjomba. Bibi, aliyeishi Tanzania miaka mingi na kurudi na Kiswahili kilichonyooka na uongo ulionyooka zaidi, akasema: "Ameenda ziwani kuwasalimia ndugu zake. Atarudi."

Tangu hapo kila jioni mdogo wangu anambeba kuku kwapani, anakwenda naye ziwani, wanasimama. Wanarudi giza likianza kuingia. Mama alikuwa hawezi kumtazama. Mimi, ambaye naweza kumchekesha hata mwalimu wa hesabu, sikupata mzaha hata mmoja wa kumwambia.

Sasa katika hali hiyo nikaja na kitabu cha kuku na bata.

Alikuwa anakula ndizi za mawese. Akanipokonya kabla sijakificha, akafungua na vidole vyote. Hadithi ni hii: kuku hamwoni rafiki yake bata, anakwenda ziwani kumtafuta. Anamuuliza kila mnyama, bata iko wapi, na kila mnyama anajibu kwa neno moja tu, limeandikwa kubwa. Samaki anasema mbali. Kaa anasema majini. Korongo hasemi kitu, ana chakula mdomoni. Kwenye ukurasa wa mwisho kuku anamuuliza chura, na chura anajibu: *Ejo*. Kitabu kimeisha.

Kwa asiyejua Kirundi: ejo ni jana. Na ejo ni kesho. Ni neno lilelile. Kwa kawaida hatuchanganyikiwi, kwa sababu kitenzi kinakuonyesha utazame nyuma au mbele. Chura hakuweka kitenzi. Alikuja jana mkapishana? Atakuja kesho? Aliondoka jana? Unaweza kumkamata chura umtikise, hana zaidi.

"Ejo gani?" mdogo wangu akauliza.

"Tuangalie picha," nikasema, kama daktari.

Picha ilikuwa na chura, na kuku, na nyayo za bata kwenye mchanga. Nyayo ndizo zingetuambia, kwa sababu vidole vya bata vinaonyesha alikoelekea. Lakini pale penye vidole vya bata palikuwa na vidole vya mdogo wangu, vyekundu, vya mawese, na karatasi ilikuwa imeshavinywa. Nyayo zimebaki visigino tu. Nakala nyingine haipo.

"Umefuta jibu," nikamwambia.

"Nilikuwa na njaa," akasema. "Weye unasomaga vitabu vyote. Ejo gani?"

Nikamwambia nitampa jibu Jumamosi, mbele ya watoto wote. Kwa nini nilisema hivyo, sijui. Mdomo wangu una mambo yake.

Wiki ile nilichanganyikiwa kuliko wakati wa riwaya. Nikisoma kwa Kiswahili lazima nichague. Nikisema jana, maana yake bata alishapita, sisi ndio tulichelewa, na mdogo wangu atalala anajilaumu. Nikisema kesho, kesho atakwenda ziwani na kuku wake, na keshokutwa, na mimi ndiye niliyesaini. Nikisema ukweli, mjomba wa Kabezi hatakanyaga tena kwetu, maana mdogo wangu anauma, hata bila yale meno.

Nilimuuliza bibi, aliyekuwa anachagua mchele.

"Mke wangu, ejo ni jana au kesho?"

"Mume wangu, mimi Kirundi changu nilikiacha njiani. Kiswahili kina jana na kina kesho, kila moja na kiti chake. Kirundi wamekaa wawili kwenye kiti kimoja, mimi niwaamulie?"

"Wewe ndiye uliyesema bata atarudi."

Akaendelea kuchagua mchele. "Nilisema atarudi. Sikusema lini."

Nikamuuliza yule msichana anayenishinda mitihani. Yeye alikisoma kitabu mara mbili, akasema kwa maoni yake bata amekufa, na chura ndiye mwandishi. Nilimwomba anirudishie kitabu. Nikamuuliza madamu. Akaweka miwani, akatazama chura, akatazama doa la mawese, akanitazama mimi.

"Mwandishi ameacha wazi makusudi."

"Hata doa, madamu?"

"Doa utalieleza weye. Jumamosi."

Nikajaribu hata kutafuta njia ya kukwepa kwenye sentensi yenyewe. Niliandika: chura akajibu, siku nyingine. Nikafuta. Chura akajibu, siku moja kutoka leo. Hiyo ilikuwa kweli kabisa, na hakuna mtoto duniani angekaa kuisikiliza.

Jumamosi chumba kilijaa watoto mpaka mlangoni. Mdogo wangu alikaa mbele kabisa, na kuku kwapani. Madamu alimwambia kuku haiko mwanachama. Mdogo wangu akasema anakuja kusikiliza tu, hataazima kitabu. Wakaachwa.

Nilianza na simba. Nilinguruma, nilinuka, walifurahi. Kisha nikafungua cha pili. Niliwasomea samaki kwa sauti ya samaki, kaa kwa kutembea upande, korongo kwa mdomo uliojaa. Kuku wetu alikuwa ametulia, jicho moja kwenye kitabu. Nikafika ukurasa wa mwisho.

"Kuku akamuuliza: Chura, bata iko wapi? Na chura akajibu..."

Nilitazama doa. Watoto wakadhani ni mchezo, wakangoja wakiwa wameshika magoti. Madamu aliinua nyusi. Nikachuchumaa mbele ya mdogo wangu kana kwamba nataka kumwonyesha picha, nikamnong'oneza:

"Unataka nisome ipi?"

"Soma ile imeandikwa."

"Nakuuliza kwa sababu ya bata wetu."

Akanitazama kama anavyonitazama ninapovaa shati kinyume.

"Bata wetu tulimukula," akasema. "Mimi nilikula paja."

Nikakaa chini kabisa. "Ulijua?"

"Mfupa wa kuku na wa bata haifanane. Weye huangaliagi chakula chako?"

"Sasa bibi alipokwambia..."

"Bibi alidanganya vizuri, nikamwacha."

"Na ziwani kila siku unangojea nini?"

Akamshika kuku vizuri, akampapasa shingo, akashusha sauti zaidi ili asisikiwe. Ilinichukua muda kuelewa kwamba asiyetakiwa kusikia hakuwa mtoto yeyote mle ndani.

"Huyu ndiye hajui," akasema. "Jioni anasimama kwenye mlango mpaka nimupeleke. Sijui nimwambie nini. Nilikuwa nangojea kitabu."

Kama kuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya watoto wengi akiwa amechanganyikiwa kuliko mimi dakika ile, tukutane, nitamnunulia soda. Nilikuwa nimebeba huzuni ya mtu asiyeihitaji, na mwenye kuihitaji alikuwa na manyoya. Nikasimama. Nikasoma kama ilivyoandikwa.

"Chura akajibu: Ejo."

Nikafunga kitabu. Kwa kuwa hakuna mtoto wa Rumonge, hata wa Kiswahili tupu, asiyejua neno hilo, chumba kiliwaka. Jana, wakasema wa dirishani. Kesho, wakasema wa mlangoni. Mmoja akasema chura ni muongo, wanamjua. Madamu alifurahi, akasema huo ndio mjadala, na akanipigia makofi mimi ambaye sikuwa nimefanya kitu. Yule msichana wa mitihani alinitazama, na kichwa chake kikaanza kutikisika taratibu. Akakizuia. Ameshaumwa mara moja.

Jioni nilikwenda nao ziwani, sikualikwa. Wauza ndagala walikuwa wanakunja nyavu zao za kuanikia. Mdogo wangu akamweka kuku kwenye mchanga, pale pale pa siku zote, na kuku akatazama maji.

"Kirundi anaelewa?" nikauliza.

"Yai alilalia kwetu, lakini yeye mwenyewe alitoka Gitaza kwa watu wa Kirundi. Anaelewa."

Akachuchumaa, akaweka mdomo karibu na pale ambapo sikio la kuku lazima liwe.

"Ejo," akamwambia.

Kuku alimtazama kwa jicho la upande mmoja. Kisha akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho la upande wa pili. Akakwaruza mchanga kidogo, akapata kitu, akakila. Tulibaki pale mpaka alipochoka yeye, siyo sisi, na aliposhika njia ya nyumbani tukamfuata.

Bibi alikuwa mlangoni, anajifanya anatafuta hewa.

"Bata bado?" akamuuliza mdogo wangu, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi.

Mdogo wangu alimpita, akamgusa mkono.

"Ejo, bibi."

"Si nilikwambia," bibi akasema, na usoni akapata nafuu, akaingia kutuwekea chakula.