Yuliana na Baiti Mia Tano Kumi na Mbili

Yuliana Mloka alizaliwa Mgeta, kwenye kabichi na baridi, na ndugu zake wa huko milimani hawakupata kuelewa mjini anafanya kazi gani. Alipokuwa akipiga teleksi katika kiwanda cha kamba, waliambiana kuwa ni taipisti. Kiwanda kikabinafsishwa, teleksi ikauzwa chuma chakavu, naye akaenda kozi ya kompyuta akiwa na miaka arobaini na sita, akarudi na cheti na jeuri kidogo. Mwaka 2004 ndiye mtu pekee aliyeujua mtandao pale kiwandani, na kazi ile aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mwekezaji alikuja na utaratibu wake. Makao makuu Dar es Salaam hayakupokea karatasi wala simu. Kila jambo lilikwenda kwa barua pepe, hata kibali cha kupanda basi stendi ya Msamvu kwenda huko Dar kulalamika. Kiwanda nacho kiling'ang'ania utaratibu wake wa enzi za shirika la umma: hakiingii kitu wala hakitoki bila kuandikwa kwenye daftari la geti na kusainiwa na mlinzi wa geti, Mzee Kibwana. Basi ilipofungwa firewall, kile kisanduku cha kuchuja mawasiliano yanayotoka nje, wakubwa walikaa wakaona kwamba hayo ni mambo ya kuingia na kutoka, wakakiweka chini ya mamlaka ya geti. Mzee Kibwana aliandika kama alivyosomewa na mafundi: “Majibu ya DNS, mwisho baiti 512.” Akasaini. Hakujua kwamba baiti ni kipimo cha ukubwa wa ujumbe, lakini saini ni saini.

Mwishoni mwa mwezi wa saba barua pepe zikakatika. Yuliana alikaa na kumbukumbu za kile kisanduku siku mbili, akaukamata ugonjwa. Kabla ya kwenda kuchukua barua, mashine huuliza kwanza seva ya makao makuu iko anwani gani, na kujibu swali hilo ndiyo kazi ya DNS. Makao makuu walikuwa wameongeza seva, jibu lao likanenepa hadi baiti 690, na kisanduku kikawa kinalitupa kila linapofika. Dawa ilikuwa kupandisha kikomo hadi 4096. Mstari mmoja, dakika moja.

Akaenda getini, akatoa shikamoo yake, akaomba kibali. Mzee Kibwana alimsikiliza kwa heshima zote.

“Mwanangu, nimekaa geti hili miaka ishirini na miwili,” alisema. “Sijapitisha mzigo nisiouona. Niletee huo wa 690 niuone.”

Yuliana alieleza kwamba hauonekani. Mzee akajibu kwamba hiyo ndiyo mizigo ya kuogopwa hasa. Wakaendelea hivyo wiki nzima, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Katikati ya hayo, dereva wa lori akaja na habari kutoka Dar: orodha ya watakaopunguzwa kazini imeshatumwa kwa barua pepe. Haikupita saa moja kiwanda kizima kikajua kwamba orodha imekwama nje kwa sababu ya 512. Watu wasioijua namba hiyo asubuhi, jioni walikuwa wameiandika ukutani kwa chokaa. Timu ya mpira ikajiita 512. Ahmadi, mwenyekiti wa wafanyakazi, akaitisha kikao kilichoazimia kwamba baiti 512 ni haki ya mfanyakazi na isiguswe. Yuliana akawa anakuta ndizi na mafungu ya mchicha mezani kwake kila asubuhi. Alikasirika sana. Miaka yote aliyofanya kazi sawasawa hakuna aliyemletea hata chungwa, leo wanamhonga aiache mbovu.

Ikaingia Septemba. Meneja, Bwana Hashimu, akamwita na kumwambia kwamba orodha isipofika Ijumaa, jina la kwanza la kupunguzwa ataliandika yeye mwenyewe, nalo ni la Yuliana. Basi akibadili namba huenda akapoteza kazi, na asipobadili ataipoteza hakika. Aliogopa, akala mchicha wote peke yake.

Ijumaa tarehe kumi alichapa karatasi yenye kumbukumbu za majibu yaliyotupwa, akampelekea Mzee Kibwana. Huo ndio mzigo wenyewe. Mzee akaubeba hadi kwenye mizani ya marobota ya katani, akauweka katikati, akainama kuangalia mshale. Haukusogea. Akaandika “Uzito: hauna,” akasaini, ingawa naye alikuwa na umri wa kupunguzwa.

Yuliana aliandika ule mstari mbele ya Bwana Hashimu na Ahmadi, watu wamejaa mlangoni. Zikaingia barua tatu. Meneja akamwambia azisome kwa sauti.

Ya kwanza, ya mwezi wa nane, ilikuwa orodha yenyewe, watu kumi na wawili. Hakuwamo Yuliana, hakuwamo Mzee Kibwana. Ya pili ilisema orodha imefutwa, hapunguzwi mtu, ila tawi lithibitishe ndani ya siku kumi na nne kwamba bado linafanya kazi. Ya tatu ilikuwa fupi. Kwa kuwa tawi halikujibu, limefungwa tangu tarehe mosi Septemba, na wa kukabidhiwa funguo watafika mwezi wa kumi.

Siku kumi walikuwa wamesuka kamba katika kiwanda ambacho hakipo. Yuliana aliona haya hadi masikio yakamwaka. Angepandisha ile namba siku ya kwanza, kimyakimya, bila kwenda getini, wote mia na kitu wangekuwa na kazi.

Ahmadi ndiye aliyesema, taratibu. “Mama, irudishe ile namba. Sisi hatujasikia kitu.”

Yuliana akamtazama meneja. Bwana Hashimu alikuwa amegeukia dirishani. Akasema tangu mwezi wa saba hajapata barua yoyote kutoka Dar.

Yuliana akazifuta barua zote tatu, akarudisha 512. Safari hii hakuomba kibali cha mtu. Kisha akawaambia kwamba muda wa kazi bado, na baada ya kitambo mashine za kusuka zikaanza kunguruma.