Bolti za Pikapu ya Baba

Kuna jambo moja kuhusu pikapu ya baba ambalo tunalijua mimi na fundi mmoja wa Miritini tu. Baba hatalisikia kutoka kinywani mwangu. Mengine yote kuhusu gari lake anayajua, na asiyoyajua hujifanya anayajua.

Pikapu hiyo tuliishi nayo hapa Likoni kama jamaa aliye mgonjwa miaka yote. Maradhi yake yalikuwa yale yale: bolti zinazoshika manifoldi, yaani kile chuma kinachopokea moshi wa injini na kuupeleka kwenye ekzosi. Zilikatika, zikatiwa mpya, zikakatika tena. Ikikatika moja tu, injini huanza kugonga tatata-tatata, na moshi badala ya kutokea nyuma huingia mbele, kwenye viti. Baba alilaumu chumvi ya bahari. Fundi wetu wa mtaani alilaumu bolti za siku hizi. Mimi niliwalaumu wote wawili, maana mmoja hakutaka kuliuza gari na mwingine hakutaka kukiri kwamba limemshinda.

Ujanani baba aliendesha boti. Huko alifundishwa kwamba mashine ikitoka baharini ioshwe kwa maji ya kisima papo hapo, kabla chumvi haijakauka. Boti aliziacha zamani, akashika shamba la mihogo na nazi, lakini mafunzo yale hayakumtoka. Kila akivuka feri kupeleka mzigo kisiwani, akirudi tu, kabla hata hajavua viatu, boneti iko juu. "Maji! Niletee maji upesi!" Nilikuwa nikikimbia na ndoo, naye akiimwagia injini kata baada ya kata, bismillahi mdomoni, mvuke ukimpanda usoni. Mama alizoea kumtania akiwa barazani: "Mke mwenzangu ashaoga? Basi na mimi nitengewe maji." Baba alicheka kila mara, ingawa mzaha ulikuwa ule ule.

Kisha mama akaanza kuugua kifua. Kliniki yake ilikuwa kisiwani, na kwa miguu asingeweza kuteremka mpaka kwenye feri katikati ya umati na kupanda kilima cha upande wa pili. Ilibidi apelekwe kwa pikapu, akae mbele. Na kifua chake hakikustahamili moshi hata kidogo. Bolti ikikatika, mama haendi kliniki. Hivyo ndivyo maisha yetu yalivyokuwa. Kwa hofu hiyo baba alizidi kuiosha injini. Aliiosha hata siku ambazo hakuvuka, akirudi kutoka shamba tu.

Asubuhi ile tulikuwa tumeshamkalisha kitini, amevaa buibui lake jipya, mkoba mapajani. Baba akawasha gari. Tatata-tatata. Moshi ukaingia, mama akakohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akafungua mlango mwenyewe.

"Bwana, huo moshi wako wallahi utanitoa roho," alisema. "Itengeneze. N'takwenda kesho, inshallah."

Nikasema niite teksi. Akakataa, hakutaka kukohoa namna ile mbele ya mtu baki, na mama akishakataa amekataa. Fundi wa mtaani alikuja adhuhuri, akakuta bolti moja imekatikia ndani, haishikiki wala haitoki. Kesho ikawa keshokutwa. Mama alifariki chumbani mwake, pikapu ikiwa bado imefunguliwa uani.

Kama kliniki ingemwokoa, sijui. Najiambia isingemwokoa, na kuna siku naamini.

Baada ya hitima nililiendesha gari mwenyewe, moshi na kelele zake, nikapitia Dongo Kundu mpaka Miritini kwa fundi wa malori, mtu wa bara. Alingoja injini ipoe, akainama chini ya boneti, akapitisha kidole kwenye kile chuma.

"Madam, hii gari huoshwa na nani?"

"Kwa nini?"

"Kuna mtu anamwagia injini maji ikiwa bado moto. Chuma inashtuka, inapinda, ndio inakata bolti. Hata mkiweka za dhahabu zitakatika tu."

Hakujua alichoniambia. Aliendelea kupangusa mikono, akauliza kama nitangoja au nitarudi. Nikakaa kwenye benchi lake nikalia, na kabla ya kulia nilikasirika, nikamkasirikia aliyemfundisha baba boti, nikaikasirikia hata ndoo. Nikarudi nyumbani na manifoldi mpya na bolti mpya, nimeshaamua kunyamaza. Baba analala upande wake wa kitanda mpaka leo, upande wa mama haugusi. Nikimwambia ni maji yake, atasema amemwua mkewe, na hakumwua.

Lakini maji nayo hakuyaacha. Siku hizi akirudi na kuniita, naitika, "Abee, baba, naja," kisha siji. Nafunika chungu. Natafuta kata iliyo mkononi mwangu. Napita kwa jirani kuuliza hali za watoto. Baba hufoka huko uani kwamba nimekuwa mvivu, na majirani wanasikia. Mpaka nikifika na ndoo, injini imeshapoa. Bolti hazijakatika tena.

Jana alimaliza kuosha, akafunga boneti, akaiegemea. Akaniambia, "Waona? Zimekaa. Tungeiosha vizuri namna hii tangu mwanzo, mamako angefika kliniki."

"Ndiyo, baba," nikamjibu, nikachukua ndoo tupu nikaingia ndani.