Gari Lililolala Katika Nyumba Tatu

Nyumba yetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ilinuka betri. Harufu hiyo si rahisi kuieleza kwa mtu ambaye hajawahi kulala juu yake: ni uchachu mkali unaokaa kooni, kama umelamba sarafu iliyolowekwa kwenye ndimu. Baba aliiweka betri chini ya kitanda nilicholalia mimi na mdogo wangu, juu ya kipande cha turubai, na asidi iliyokuwa ikivuja kidogo kidogo ilitoboa turubai, ikatoboa mkeka, ikaja kutoboa na pindo la blanketi letu. Mama alilalamika mpaka akachoka. Baba alimjibu kwamba blanketi hushonwa, lakini betri ikiibwa haishonwi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na msimu huo wa maharage ndio wa mwisho nilioutazama kwa macho yangu yote mawili. Wageni walipokuja kutusalimu walikunja pua, wakatupa jicho huku na huku, kisha kwa adabu wakauliza habari za shamba.

Betri ilikuwa ya gari, na gari lilikuwa la watu watatu. Wa kwanza ni baba yangu. Wa pili ni Papa Bisimwa, jirani yetu, mtu mrefu mkimya aliyevaa koti moja jua na mvua. Wa tatu ni Mama Zawadi, mjane mwenye duka la chumvi na sabuni pale Base Camp, ambako ndiko kwenye ofisi zote za kambi, zahanati na soko. Wote walikuwa wakimbizi kutoka Kivu ya Kusini, wote walisali kanisa moja, na wote walikuwa wamelima au kuuza mpaka wakapata cha kuchangia gari dogo la Kijapani, la bluu, lililokwisha kuzeeka kabla halijatufikia. Kazi yake ilikuwa kubeba wachuuzi na magunia yao kwenda Mbarara mjini na kurudi. Baba na Papa Bisimwa waliendesha kwa zamu. Mama Zawadi hakujua kuendesha, lakini mchango wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wenzake na hakuacha wasahau. Siku lilipofika, mchungaji aliliwekea mikono kwenye boneti akaliombea kama anayeombea bwana harusi, na Mama Zawadi akacheza mpaka kilemba kikaanguka. Umoja ni nguvu, walisema. Hakuna aliyekumbuka kwamba wahenga hao hao ndio waliosema fahali wawili hawakai zizi moja, na sisi tulikuwa nao watatu, mmoja wao kavaa kitenge.

Kilichoanza ni petroli. Ilipungua kuliko safari zilivyokuwa, au walidhani inapungua, maana mshale wa tangi ulikuwa na tabia ya kulala unapojisikia. Kila Jumapili baada ya ibada wenye gari walikutana mbele ya duka la Mama Zawadi, wakafungua boneti, wakainama wote watatu. Mpita njia angewaona angedhani ni watu wanaosaidiana. Lakini mimi, niliyekuwa nikitumwa kuleta maji ya kumwagia rejeta, nilijifunza mapema kwamba hapakuwa na swali la gari lisilokuwa shtaka la mtu. Kwa nini gari linavuta kushoto? Maana yake: nani alilipitisha kwenye shimo? Kwa nini linakohoa likipanda mlima? Maana yake: ni nani aliyepakia magunia ya shemeji yake bila kutuambia? Mama Zawadi alikuwa hodari kuliko wote kwa mtindo huu. Alisimama mikono kiunoni akasema, "Gari inakunywa esansi sawa mulevi. Mi nauliza tu, siko nashitaki mutu." Esansi ndiyo petroli kwa watu wetu. Baada ya kusema hivyo alimtazama Papa Bisimwa, Papa Bisimwa akamtazama baba, na baba akaitazama rejeta.

Sikumbuki ni nani aliyeleta wazo la kuligawa gari. Kila mmoja baadaye alimsukumia mwenziwe. Waliamua kwamba jioni, gari likishaegeshwa, kila mwenye gari ataondoka na kitu kimoja ambacho bila hicho haliwezi kwenda popote. Mama Zawadi alichukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kitenge. Baba alichukua betri. Papa Bisimwa alichukua rota, kipande cheusi cha plastiki kinachozunguka ndani ya distributa na kuzigawia plagi moto wake. Kinatosha kwenye kiganja cha mtoto, na kisipokuwepo gari ni kibanda cha bati tu. Yeye alikiweka kwenye mfuko wa koti, pamoja na tumbaku, kisu na chochote alichokuwa nacho. Majirani walicheka mpaka wakalipa gari jina. Waliliita Utatu, kwa sababu lilikuwa nafsi tatu na bila zote tatu halikuwa kitu.

Asubuhi, kabla ya abiria kufika, Utatu uliunganishwa. Baba alitoka na betri kifuani kama mtu aliyebeba mwana mchanga, Papa Bisimwa akatoa rota akaipuliza vumbi, Mama Zawadi akafungua pindo lake. Hakuna aliyefika mapema kuliko wenzake, maana kufika mapema nako kulikuwa na maswali yake. Kisha wakaanza kutia alama. Baba alichora msalaba kwenye betri kwa msumari. Mama Zawadi alizipaka plagi rangi ya kucha, nyekundu, ili zisibadilishwe. Papa Bisimwa aliing'ata rota ikabaki na alama ya jino lake. Kikulacho ki nguoni mwako, baba alipenda kusema wakati huo, huku akivuta blanketi kuifunika betri vizuri. Hata mimi nilianza kuwatazama watoto wa Papa Bisimwa kwa makini, nikawaza kama wananuka petroli. Tulikuwa tukicheza nao kila siku, na sasa nikawa nawanusa.

Gari likazidi kuugua. Asubuhi liligoma kuwaka, wakalisukuma. Likiwaka lilikata njiani. Lilitoa moshi mweusi wenye harufu ya petroli mbichi, na petroli yenyewe ikawa inakwisha kweli sasa, bila ubishi. Mwishowe walilipeleka Mbarara kwa mtu waliyemwita Afande, mwanajeshi aliyetengeneza malori ya jeshi na ambaye saa za mapumziko alitengeneza magari ya raia nje ya kambi yao. Walikwenda wote watatu, kwa kuwa hakuna aliyekubali wawili waende bila yeye, na mimi nikachukuliwa kwa sababu viatu vyangu vya shule vilikuwa vinanunuliwa huko. Afande alikuwa na tumbo kubwa na sauti ya gwaride. Alitikisa vibano vya betri, vikacheza. Aliitoa rota, akaigeuza juani, akaona ufa mwembamba na ncha ya chuma iliyolika. Akauliza inafunguliwa mara ngapi. Alipoambiwa, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nyinyi watu," alisema, "gari hii hapana gonjwa. Nyinyi nafungua, nafunga, nafungua, nafunga. Hata mutu, ukifungua yeye tumbo kila siku, yeye atakufa! Hii moto inapotea, petroli inatoka bure. Weka rota mupya, acha gari alale na vitu yake."

Mtu angedhani mambo yangeishia hapo. Tulipofika nyumbani baba alimwambia mama kwamba Afande amehongwa. Na nani, mama aliuliza. Baba alisema hilo ndilo analolichunguza. Baadaye watoto wa Bisimwa waliniambia kwamba baba yao naye alisema vivyo hivyo, ila yeye alikuwa amekwisha kujua mhongaji: ni mwenye betri. Rota mpya haikununuliwa. Nani angekwenda kuinunua, na nani angejua kwamba hiyo ya zamani haikuuzwa?

Ukafika wakati wa kupura maharage. Tulikuwa uani, mama na mimi, tukiyapiga kwa fimbo juu ya turubai, jua likiwa limesimama, vumbi la maganda likitupalia. Fimbo yangu ilikatika. Kipande chake kiliruka kikanipiga jicho la kulia. Sikulia mara moja. Nilishangaa kwanza, kwa sababu mchana ulikuwa umekuwa mwekundu. Mama alinibeba mbio hadi zahanati ya Base Camp, na mganga, baada ya kuniinua kope taratibu, alisema jicho limechanika na sharti tufike kwa madaktari wa macho wa Ruharo, Mbarara, leo hii, kesho itakuwa kuchelewa. Gari la zahanati lilikuwa limeondoka na mgonjwa mwingine. Magari ya wachuuzi yote yalikuwa mjini tangu alfajiri. Moja tu lilikuwepo, limeegeshwa mbele ya duka, la bluu, theluthi yake letu.

Mama Zawadi alikuja anakimbia, ufunguo mkononi. Sijawahi kumwona akikimbia kabla ya hapo wala baada yake. Baba alileta betri, akaifunga. Rota haikuwepo. Siku ile ilikuwa zamu ya Papa Bisimwa kuendesha, lakini yeye alikuwa amekwenda kijijini Masha kutazama mbuzi wa kununua, na ili baba asije akaliendesha gari kwa siri alikuwa amekwenda na rota mfukoni. Mkewe alisema hata yeye hakuachiwa, kwa kuwa aliimba kwaya na Mama Zawadi. Kijana wa baiskeli alitumwa amfuate. Sisi tukakaa garini. Ndiyo, tukakaa humo, milango wazi, kana kwamba kukaa kwetu kungelisogeza. Nililala mapajani mwa mama kwenye kiti cha nyuma, kitambaa cha maji usoni, nikisikiliza baba akizunguka gari, akipiga mlango teke, akizunguka tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema. Mimi iliniumiza kwingine.

Papa Bisimwa alifika jua likizama, amepakiwa nyuma ya baiskeli, magoti yakigusa kidevu. Aliruka kabla haijasimama. Akaiweka rota mahali pake, baba akawasha. Gari lilikohoa. Akawasha tena, likakohoa, likanyamaza. Walisukuma, watu wa soko wakasaidia, na halikushika. Ndipo baba aliposhuka, akaitoa ile rota, akaitazama, akamkamata Papa Bisimwa kwenye ukosi wa koti lile.

"Hii si rota yetu! Umeuzisha yetu, unaleta ya kufa!"

"Papa Riziki, ni ile ile," Papa Bisimwa alisema, akimwita baba kwa jina langu kama kawaida. Alikuwa analia. "Haki ya Mungu, sikuibadirisha. Angaria jino yangu."

"Jino kila mutu iko nayo!"

Mama alishuka garini akiwa amenibeba. Sauti yake sikuitambua. "Mutoto anapoteza jicho, na nyinyi munapiganisha kaplastiki!" Alianza kutembea kuelekea barabara ya Mbarara, kwa miguu, nami mgongoni, mpaka wanawake wa soko walipomfuata wakamrudisha. Magari yaliyorudi jioni yalikataa kuingia tena barabarani gizani. Tuliondoka alfajiri kwenye lori la mahindi.

Ruharo walinipokea vizuri, nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Daktari hakumlaumu mtu. Alimwambia mama kwa upole kwamba watalituliza jicho lisiume, lakini kuona halitaona. Baba alikaa nje kwenye nyasi siku nzima. Nilimchukia, na nililia ili ajue. Papa Bisimwa alikuja kunitazama na mayai ya kuchemsha, akavuta kibao akaketi upande wa kulia wa kitanda, upande wenye bandeji. Kila alipokuja aliketi upande huo huo. Nilimjua kwa harufu ya tumbaku ya koti lake, lakini nilijifanya sijui kuna mtu, naye akajifanya hayupo.

Gari liliuzwa kwa fundi mmoja wa mjini, ambaye alilitia rota mpya na vibano vipya, na tukawa tunaliona likipita Base Camp limejaa abiria. Wenye gari hawakuombana msamaha hadharani. Walipeana mikono kanisani kwa sababu mchungaji alisema wapeane. Kuhusu petroli ya mwanzo, ile iliyopungua kabla hawajaligawa gari, mpaka leo sijui kama iliibwa. Baba alifariki akiamini iliibwa. Mimi nimewaza tangi lililotoboka, nimewaza mshale mbovu, na siku nyingine, Mungu anisamehe, namuwaza Mama Zawadi.

Sasa naishi Mbarara, na mambo si yale. Base Camp imejaa pikipiki, na mtoto akiumia adhuhuri anaweza kufika Ruharo kabla watu hawajanywa chai ya jioni. Mimi na mume wangu tuna gari letu, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, maana mume wangu ni mtu wa milango wazi. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Juzi asubuhi jirani yetu, koplo kijana, alisimama mlangoni akihema. "Mama, saidia. Bibi iko na uchungu. Nipe gari." Nilimuuliza nani ataendesha. Nilimuuliza atapita njia gani, na kama anajua kwamba breki za gari hilo ni kali. Alinijibu yote, kwa heshima, huku mkewe akigumia ng'ambo ya ua. Ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe, nikaona haya, nikampa ufunguo. Alirudi mchana, uso mzima unacheka, akaegesha polepole mbele ya nyumba. Na kabla sijamuuliza mkewe anaendeleaje, nilikuwa nimeshainama dirishani kuangalia mshale wa petroli.