Taa Iliyosimama Korongoni

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo msije mkangojea ushujaa huko mbele. Hata shule niliachia darasa la pili kwa woga, mwalimu alikuwa na fimbo ya mkwaju, ila hayo tuyaache.

Kazi yangu ilikuwa kuwasha tanuri la mikate kule Utemini mjini, kwa tajiri mmoja ambaye baba yake alitoka pwani na mama yake ni wa huku kwetu. Mkate ukitakiwa dukani saa mbili asubuhi, tanuri liwe limeshika moto saa kumi na moja. Zamani nilikaa Mwankoko, si mbali na mji, naenda kwa miguu huku napiga miayo. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba yangu ikabaki nyuma haina paa, na mimi nikapata mwendo wa saa nzima na kitu kwa baiskeli, naondoka na jogoo wa kwanza.

Baiskeli ilikuwa na taa ya dinamo. Kwa wasioijua, dinamo ni kichupa cha chuma kinachokaa ubavuni mwa tairi. Tairi likizunguka linakisugua, nacho kinatoa umeme. Ukikimbia taa inang'aa, ukipunguza inafifia, ukisimama umekwisha. Halafu inavuta, pedeli zinakuwa nzito kama umempakia mama mkwe.

Sasa katikati ya njia palikuwa na korongo la mchanga. Kwenye mchanga ule hakuna anayeendesha, unashuka unasukuma, na kwa kusukuma taa haikuonyeshi hata kidole chako. Yaani pale nilipoogopa kuliko pote ndipo taa yangu ilipolala.

Niliogopa nini? Fisi, ndiyo, lakini fisi unamrushia jiwe. Mimi niliogopa watu-simba, wale tunaowaita mbojo. Wakati wa mkoloni, kabla sijaota meno ya pili, watu waliuawa mashambani huku kwetu. Kwanza wakasema ni simba, baadaye wakasema ni watu waliovaa ngozi za simba, na makucha ya chuma. Shangazi aliyenilea hakuturuhusu kwenda kuchota maji bila kuimba wote kwa sauti. Aliyenyamaza alichapwa, kwa sababu anayenyamaza ndiye anayechukuliwa. Uhuru ulipokuja wakasema mambo hayo yamekwisha. Labda. Lakini uhuru haukupita korongoni jogoo wa kwanza.

Alfajiri moja kitu kilipumua nyuma yangu mchangani. Sikugeuka. Nilikimbia na baiskeli begani, ndara moja ikabaki, sijaifuata mpaka leo. Siku hiyo nilitoa mikate mibichi, tajiri akaniuliza kama nina homa.

Mchana nikaenda kwa fundi redio. Fundi baiskeli alikuwa ameshaniambia kwamba dinamo ni dinamo, nikae nayo hivyo hivyo. Huyu wa redio akachukua kopo la maziwa ya unga, akapanga ndani betri nne za tochi, akalifunga kwenye fremu kwa mpira wa tairi. Swichi akaitoa kwenye redio iliyokufa. Ukiigeuza huku taa inakula dinamo, ukiigeuza kule inakula betri. Akabadilisha na waya, ule wa zamani ulikuwa umekauka hadi kupasuka, akakwangua kutu pale unapogusa chuma. Alisema nusu ya giza langu ilikuwa kutu tu.

Basi nikawa mtu. Nikifika mchangani nageuza swichi kwenye betri, nasimama, namulika kushoto, namulika kulia, ndipo nasukuma. Hata haja ndogo nilikuwa naimaliza palepale, na mwenye kuogopa anajua hiyo ni hatua kubwa kiasi gani.

Kisha ukaja mkutano wa kijiji. Kile kijiji kilikuwa cha watu waliokusanywa huku na huku, jirani humjui, na mimi naondoka wamelala, narudi jua linawaka. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa kukohoa sana, akasema korongoni kuna taa. Mama mmoja akasimama akasema ameiona kwa macho yake. Si ya gari, haina mlio. Si ya baiskeli, maana taa ya baiskeli ikisimama inazimika, mtoto mdogo anajua. Hii inasimama. Inageuka huku, inageuka kule, kama inatafuta mtu. Mwingine akaongeza kuwa ina urefu wa mti na inapumua. Wakaanza kunong'ona kwamba mbojo wamerudi, na safari hii wamekuja na taa.

Mnajua mimi nilifanya nini? Niliogopa. Haki ya Mungu, sikujitambua. Taa waliyoisema ilikuwa ndefu, inapumua, yangu ilikuwa ya kopo la maziwa. Nilimsimulia mke wangu, akaniambia niache mikate tulime mtama. Nikamwambia mwaka huu mtama umekauka, watoto watakula mshahara huohuo. Nikanunua betri mpya, na korongoni nikawa nasimama muda mrefu zaidi, namulika zaidi, hiyo taa nyingine isije ikanikuta sijajiandaa.

Siku ya tatu nilikuwa katikati ya mchanga nikasikia kijiti kinavunjika. Nikamulika kushoto, majani yakatikisika. Nikamulika kulia, nikaona ncha ya chuma inang'aa, halafu ya pili. Makucha, nikasema moyoni. Nilitaka kuzima taa, kidole kikakataa. Nikasikia mtu ananong'ona kwa Kinyaturu chetu kwamba wangoje taa igeuke kwanza. Nikajua wananingoja mimi.

Hapo mmoja akakohoa, kikohozi cha mzee kinachoanzia tumboni. Na mimi nimelelewa na shangazi yule, ukisikia mkubwa anakohoa, hata uwe chooni, unasalimia. Mdomo ukafanya wenyewe.

"Shikamoo."

Kisha sauti ikatoka kichakani. "Marahaba."

"Mzee, mbona unaitika?" kijana akamuuliza kwa chini.

"Kanisalimia."

"Hata mbojo wanasalimia."

"Basi mchomeni nyie. Mimi nimeshaitika."

Hakuna aliyechoma. Walitoka kichakani watu sita na mikuki, mgambo mmoja na rungu, na balozi wetu nyuma yao. Akanishika kidevu, akanigeuzia taa yangu mwenyewe usoni, akauliza kama si mimi yule wa mikate. Nikasema ndiye. Hakuna aliyecheka. Kijana wa karibu aliogopa kuliko mimi, mkuki wake ukawa unagonga rimu yangu ti ti ti.

Balozi akataka nifungue kopo nitoe betri palepale.

"Baba, mimi naogopa giza hili," nikamwambia.

"Na sisi tunaogopa taa yako," akasema. "Wewe ni mmoja."

Nikazitoa, nikazitia mfukoni. Amri ikawa kwamba kila nikiingia mchangani nitoe salamu kwa sauti, walinzi wajue ni mimi. Hivyo kila alfajiri nikawa nalisalimia giza, shikamoo, na mgambo anaitika kutoka kichakani. Sauti zao nikazizoea. Ulipofika wakati wa mavuno ulinzi ukavunjwa, wakarudi mashambani kuokota kilichopona ukame, lakini mimi sikuacha kusalimia. Kunyamaza sikuweza.

Na alfajiri moja nikaitikiwa. Marahaba, taratibu, kutoka upande wa juu wa korongo, ambako hakuna njia wala nyumba. Sauti ile sikuijua. Sikuuliza. Nilisukuma mpaka ng'ambo, nikapanda, dinamo ikaanza kuvuta, na taa ilipopata nguvu niliinamisha macho kwenye tairi, sikutaka kuona inamulika nini.

Mchana ule nikamwambia tajiri kwamba nitakuwa nalala palepale kwenye magunia ya unga, nyumbani nitakwenda Jumapili, jua likiwa juu. Akaniuliza mke wangu atasema nini. Nikamwambia atasema nina mwanamke mjini. Na kweli ndivyo alivyosema, miaka mingi, na mimi nikamwacha aseme.