Laab Isiyopigiwa Kisu

Jikoni kwa Bunpheng kulikuwa kimya, na kimya hicho kilimnyima raha.

Tangu aolewe katika mtaa huu wa Khon Kaen, Thailand, majirani waliijua kwa masikio siku ya laab nyumbani kwake, ile nyama ya kukatwakatwa inayotiwa ndimu na unga wa mchele uliokaangwa. Aliketi mkekani, gogo mbele yake, akamkatakata kuku kwa kisu kizito mpaka nyama ikalainika. Mwanamke asiyesikika, alikuwa akisema, hajapika laab, amenunua. Kisha kifundo cha mkono kikaanza kumuuma, jiko likawa la Rattiya, mke wa mwanawe.

Rattiya alikuwa akirudi jioni kutoka kiwanda cha kushona nguo, na wali wa kunata ukiwa bado motoni, laab ya kuku ilikuwa imeshatengwa, na mnanaa juu yake. Kisu hakikulia. Harufu ya mchele unaokaangwa haikusikika. Na chakula kilikuwa kitamu, jambo lililomtia Bunpheng shaka zaidi.

“Shoga, siku hizi kwenu hamli laab?” jirani yake Lamphai alimchokoza kutoka upande wa pili wa ua.

“Tunakula sana.”

“Ya nani? Ya yule mama muuza chakula wa stendi?”

Bunpheng alicheka kwa shida. Siku ya sadaka ya kumkumbuka mumewe ilikuwa inakaribia. Watawa wa Kibuddha wangekuja asubuhi, na mtaa mzima nyuma yao. Ilibidi aamue: ampe Rattiya kazi ya laab, au amwite dada yake kutoka kijijini. Ikijulikana kwamba laab ya marehemu ilitoka kwenye mfuko wa stendi, uso wake angeuficha wapi?

Akaanza kupeleleza. Alipekua taka, asione mfuko wowote. Akamuuliza mwanawe.

“Wirot, mkeo ananunua wapi chakula?”

“Mama, mimi nakula tu.”

Jibu la mtu aliyefundishwa, aliwaza.

Jioni moja aliaga kwamba anakwenda kwa Lamphai, akazunguka na kuingia kwa mlango wa nyuma. Rattiya alikuwa akikoroga kuku wa kusaga kwenye sufuria yenye maji kidogo.

“Mama! Umenishtua!”

“Nani kamkata kuku huyo?”

“Mashine ya muuza kuku sokoni.”

“Na unga wa mchele?”

Rattiya alimpa chupa. “Nakaanga mchele Jumapili, ukiwa hekaluni. Natwanga wa wiki nzima.”

Bunpheng alifungua, akanusa. Wa wiki nzima! Kwake, unga uliolala ulikuwa chakula cha bata. Lakini huu bado ulinukia moshi na majani ya mlimau.

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia nyama ni ya mashine, ungekula?”

“Nisingeigusa!”

“Na umekula muda wote huu, Mama. Jana uliongeza.”

Rattiya alikamulia ndimu, akatia mchuzi wa samaki, pilipili kavu, vitunguu na ule unga. Mama mkwe akafinyanga tonge la wali, akachovya, akatafuna polepole kama anayetafuta mfupa.

“Haijawa uji,” alisema, karibu kwa masikitiko.

“Nachagua mapaja. Na namwambia asage mara moja tu.”

“Siku ya baba yenu utapika wewe.”

Rattiya alitabasamu.

“Usicheke. Sokoni tutakwenda wote. Nitasimama mbele ya hiyo mashine. Nani ajuaye huyo bwana alisaga nini kabla ya kuku wetu?”