Nilivyomjibu Mgeni Asiyepiga Hodi

Kwetu Mbwajumali, kijijini kisiwani, mtu akikuuliza wewe ni wa nani, humjibu nusu. Unamtajia baba, babu, mtaa na nyumba unayolala. Anayejibu nusu huonekana ana asili anayoificha. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomlea mjukuu wangu wa kike, ambaye mamake, binti yangu, humwacha kwangu akienda kazini mjini Amu wiki nzima. Babake yuko Mombasa.

Nilikuwa mkali kwa mtoto yule, sikatai. Akitoka chuoni kusoma Kurani, aingie ndani, nami nifunge komeo. Simu aliyoachiwa na mamake ndiyo iliyomtuliza, nami nikijisifu kwamba mwana wangu hazururi. Jirani akanitania, "Bi, kwako hata kuku wataka ruhusa kutoka." Nikamwambia ndiyo maana wangu nawala mimi, wake wanaliwa na mwewe.

Siku moja baada ya alasiri nilikuwa nasuka ukili wa mkeka. Mtoto ameegemeza simu kwenye kasha, inatazama mkono wake, anajichora hina huku anaisemesha. Nikamuuliza anaongea na nani. Akasema yuko laivu, watu wanamtazama saa hiyo hiyo. Nikaona mioyo myekundu inapanda kwenye kioo kama povu. Nikafurahi mkono wake unasifiwa.

Mara akanigeukia. "Bibi, kuna mtu anauliza mimi ni wa nani na nakaa wapi. Nisimjibu?"

Alisita. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mtoto alisita, nami nikamkemea kwamba mwenye adabu haulizwi mara mbili. Kisha nikajibu mwenyewe, kwa sauti, ukili ukiwa mkononi: jina la babu yake, nyumba ya pili kutoka msikitini, mlango wa kijani. Nikaongeza kwamba mamake yuko Amu hadi Alhamisi, sisi tumo wawili tu. Nikamkaribisha na chai pia. Mtu nisiyemwona uso, ambaye hakupiga hodi wala kungoja dakani, kwenye kibaraza cha mlango, kama wageni wote.

Baada ya siku chache mtoto akakataa kwenda chuoni. Nikamchapa, nikimwita mvivu. Akawa kila akifika mlangoni anachungulia ndia ya nje kwanza. Nikamsomea dua, nikidhani amepatwa na kijicho.

Mwalimu wake wa chuo, msichana mdogo tu, ndiye aliyekuja na simu ile mkononi. Mtoto alimwonyesha yeye, si mimi. Yule mtu alikuwa akimwandikia kila siku: mlango wa kijani anaujua, mama hayupo anajua, na asipomtumia picha bila mtandio, atakuja.

Nikainua mkono. "Umeiuza nyumba yetu," nikamwambia mtoto.

Hakulia. "Mimi sikumwambia, Bibi. Nilichora hina tu. Wewe ndiwe uliyemwambia."

Mwalimu akainamisha macho kwenye mkeka. Nikamuuliza mtoto mbona hakuniambia mapema.

"Ungenipiga."

Na mkono wangu ulikuwa bado uko juu.

Mwalimu alitukataza kufuta meseji hata moja, akamfungia yule mtu asiweze kuandika tena, akampigia simu mamake mtoto. Kesho yake tulipanda boti mpaka Amu, tukaingia polisi. Askari, mwanamke, alimuuliza mtoto kwa upole ni nani aliyeitaja nyumba. Mtoto akanitazama, akanyamaza. Alikuwa ananisitiri. Uzee huu wote, nasitiriwa na mtoto wa miaka kumi.

"Andika ni mimi," nikasema.

Akashika kalamu, akaniuliza mimi ni wa nani na nakaa wapi. Ni maneno niliyoyasema tangu nilipojua kusema, nami nikageukia ukutani. Mamake mtoto, aliyekaa kando yangu, akanijibia.

Hakunilaumu binti yangu, si pale wala nyumbani. Afadhali angenilaumu.

Mtu yule bado hajajulikana. Mlango tumeupaka rangi nyingine. Simu sasa hukaa ukumbini, na laivu mamake ameifunga. Asubuhi mtoto bado anachungulia ndia kabla ya kwenda chuoni. Simwambii aache. Natangulia mimi, natazama kulia na kushoto, kisha namwita, naye hutoka akiwa ameshika ncha ya leso yangu.